Mbona vito vyangu vya kuchora vinakaa kama pipi?

bint_mkomani
Asalam aleikum jamani, nna swali na msinicheke. Kuna bi harusi kaniletea kazi ya bangili ya fedha na mawe, zile garneti nyekundu za upande wa Taita, nami nikasema kabla sonara hajawasha moto nimchorie kwanza tuelewane kwa karatasi. Nmetumia gwashi, ile rangi nzito ya maji, kwa karatasi ya kijivu, siku tatu nipo barazani na kibrashi cha nywele mbili mpaka shingo imekufa ganzi. Nikampelekea huyo sonara, mzee wetu wa Langoni, akavua miwani, akaipangusa kwa kikoi, akavaa tena, kisha ati "mwanangu, hizi ni pipi ama ni mawe?" Wallahi niliona haya. Na hakukosea. Kila jiwe nmeweka doa jeupe juu kushoto na kivuli chini kulia kama nlivyofunzwa, sasa shida iko wapi?

mjukuu_wa_sonara
Waalaikum salaam dada. Shida ni hapo hapo ulipofunzwa, hiyo ni kanuni ya jiwe lisilopitisha mwanga, feruzi, marijani na kadhalika. Garneti iliyokatwa pande pande mwanga unaingia ndani unapiga huko chini unatokea ng'ambo ya pili, kwa hivyo geuza: juu kushoto ndani ya jiwe paka giza, chini kulia ndiko kung'ae. Weupe acha uzi mmoja tu kwenye ukingo wa ule uso bapa wa juu, upande ule mwanga unakoingilia, basi. Kama huamini bandua punje ya komamanga uishike dirishani asubuhi uone ule wekundu unawaka upande gani. Anza na rangi nzito ya damu ya mzee jiwe zima, nyeupe iwe ya mwisho kabisa na chembe tu, wengi wetu hapo ndipo tunapoharibu.

kaka_malindi
Kwani bado mwachora kwa mkono?? Simu ina programu siku hizi unazungusha bangili mpaka chini ya jiwe unaona

bint_mkomani
@kaka_malindi mamake bi harusi kasema hataki kuoneshwa simu, ataka karatasi aitie fremu 😂 @mjukuu shukran sana, nmejaribu jiwe moja sa hii, subhanallah limeamka

fundi_mstaafu
Rangi mtamaliza. Mimi naulizia kipimo, manake nimepokea michoro mizuri maishani mwangu isiyovalika. Umechora kwa ukubwa wake halisi, milimita kwa milimita? Mawe mangapi? Na kifungio kiko wapi?

bint_mkomani
Shikamoo mzee. Bangili sm 17, mawe 19, nmeyachora mm 8 na nafasi ya mm 1. Kifungio sikukichora, nliona kitaharibu sura. Mawe yenyewe nishanunua hayo 19, ila nkiyapima ni mm 6 😬

fundi_mstaafu
Marahaba binti. Haya tuhesabu. Kifungio na kulabu yake kitakula mm 15, zabaki 155. Mawe 19 ya mm 6, kila moja na nafasi yake ya mm 1, ni 133. Pengo ni mm 22, na huyo mzee wa Langoni angeligundua fedha ishakatwa, hapo si pipi tena ni vita. Usinunue mawe mengine. Tia vipande viwili vya fedha tupu, mm 11 kila kimoja, kulia na kushoto kwa kifungio, vichongwe asmini. Kisha uichore bangili na kwa ubavuni, sonara lazima ajue jiwe litazama kiasi gani ndani ya kikombe, yaani kile kitako cha fedha kinacholishika.

kaka_malindi
hii ya asmini imenishinda nguvu, nimekubali

bint_mkomani
Mzee Mungu akuweke. Nachora upya usiku huu, ila karatasi ya juzi imejikunja kwa huu unyevu wa pwani nyinyi mwafanyaje?

mjukuu_wa_sonara
Bandika kingo zote nne kwa tepu ya karatasi juu ya ubao kabla hujatia maji, usiibandue mpaka ikauke kabisa. Na usiiweke karibu na dirisha la baharini tafadhali