Natuhumiwa kughushi rejista ya joto kazini, kikao cha nidhamu ni Alhamisi. Naombeni ushauri

Zamu ya Usiku:
Wakuu habari zenu. Nafanya kazi kiwanda cha maziwa, mwaka wa tatu sasa. Kila baada ya saa moja natakiwa kusoma joto la chumba cha baridi, niandike kwenye rejista na kusaini. Ukweli hakuna anayeandika kila saa. Ukibanwa na mashine unajaza kwa mkupuo kabla ya kukabidhi zamu, na aliyetufundisha hivyo ni supavaiza mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika saa nane usiku, jenereta ikagoma. Rejista yangu inaonyesha nyuzi 4 hadi asubuhi. Kumbe kuna kifaa kinajirekodia chenyewe, kinasema joto lilifika 9. Nimepewa barua ya tuhuma. HR kaniita pembeni: "Andika barua ya kuacha kazi, utoke kwa amani." Nina watoto wawili. Nifanyeje?

Chuma cha Pua:
Pole, ila hapo umeghushi mkuu. Maziwa hayo wanakunywa watoto.

Bi Mapande:
Chuma, mwenzio kauliza afanyeje. Mdogo wangu, barua hiyo usiandike. Ukiandika umeondoka mwenyewe, kesi inakufia mkononi. Nimekaa utumishi, hiyo ya "pembeni" naijua.

Kwa kanuni za kazi za Tanzania za 2007 unapewa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na unaruhusiwa kuingia na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Wakikuachisha, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba sababu ni halali na utaratibu ulifuatwa. Ila usijidanganye, udanganyifu mkubwa unaweza kukufukuzisha hata kwa kosa la kwanza.

Sasa nijibu: namba zile ulizisoma ukachelewa kuziandika, au ulizitunga?

Zamu ya Usiku:
Za kabla ya saa nane nilizisoma, dada. Saa nane hadi saa kumi nilikuwa kwenye jenereta na fundi. Hizo tatu nilitunga.

Bi Mapande:
Basi sema hivyo hivyo. Tatu, si usiku mzima. Ukikana yote kile kifaa kitakuumbua, na hata ulipokuwa mkweli hawatakuamini. Fundi akuandikie kwamba mlikuwa wote. Kisha omba rejista za zamu nyingine za mwezi ule. Kama nazo zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko usiopumua, waeleze kwa nini umeitwa wewe peke yako.

Mzee wa Shifti:
Ujumbe wowote wa supavaiza wa "jazeni rejista kabla sijafika" utunze kama macho yako. Mimi niliingia kikaoni mikono mitupu. Na muhtasari usiusaini kabla hujausoma.

Zamu ya Usiku:
Ujumbe ninao. Mama mmoja wa maabara amekubali kuingia nami. Chuma, umeniuma lakini hujakosea. Yale maziwa yalipakiwa asubuhi ile ile nikiwa nimesimama pale, na sikumwambia mtu.