Siagi au majarini: mama ameambiwa apunguze mafuta, naomba ushauri

Mlezi: Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mama yangu alipimwa mwezi uliopita, akaambiwa lehemu (kolesteroli) imepanda na kwamba apunguze mafuta. Amezoea kupaka siagi kwenye mkate asubuhi na jioni, tena huipaka hasa. Wapo wanaonishauri nimhamishie kwenye majarini kwa kuwa inatokana na mimea na bei yake ni nafuu, na wapo wanaoniapia kwamba majarini ni sumu ya kiwandani. Naomba mnisaidie, kwani sitaki kumnyima raha ya mkate wake bila sababu.

Muuguzi Mstaafu: Pole kwa mama. Hao wanaosema ni sumu hawakuanzia hewani. Kwa miaka mingi mafuta ya mimea yaligandishwa kwa kutiwa hidrojeni, na kazi hiyo ikiishia njiani huzaa mafuta ya transi, ambayo hupandisha lehemu mbaya na papo hapo hushusha ile nzuri. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka mafuta hayo yaondolewe kwenye vyakula, na viwanda vingi vimebadili utengenezaji wao. Vingi, si vyote. Kwa hiyo geuza kopo usome viambato: ukikuta mafuta yaliyotiwa hidrojeni kwa sehemu, liache hapo hapo dukani.

Siagi nayo, karibu nusu ya uzito wake ni yale mafuta yanayoganda ambayo hupandisha lehemu. Kijiko kimoja cha chakula cha siagi kina takriban gramu 7 za mafuta hayo, ilhali mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku anashauriwa asizidi gramu 22 hivi kutoka vyakula vyote. Mama akipaka vijiko viwili, ameshamaliza karibu theluthi mbili kabla hatujahesabu nyama wala maziwa. Majarini laini ya alizeti, soya au kanola ingemfaa zaidi. Ile ngumu ya kipande usiiamini kwa jina la mimea tu, kwani mara nyingi ugumu wake hutokana na mawese.

Mwokaji: Nyongeza kuhusu bei: usilinganishe ukubwa wa makopo, linganisha asilimia ya mafuta. Siagi halisi ina mafuta yasiyopungua asilimia 80, lakini zile za kupaka zilizopunguzwa mafuta zinaweza kuwa na asilimia 40 tu, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji unayoyalipia. Kwenye mkate wa mama hilo halina ubaya, bali ni nafuu kwake. Jikoni ndipo zinapokuangusha: niliwahi kuitia moja kwenye kikaango, ikatoa povu na kurukaruka, na vitunguu vikachemka badala ya kukaangika. Keki ndiyo usijaribu kabisa.

Mlezi: Nashukuru sana. Je, chumvi? Mama ana shinikizo la damu pia.

Muuguzi Mstaafu: Basi tafuta isiyo na chumvi, iwe siagi au majarini, na umpimie kwa kijiko cha chai.

Mlezi: Asubuhi hii nimempimia kijiko kimoja cha chai badala ya kumwachia kisu. Akaniuliza kama siagi imepanda bei. Nimemweleza ukweli wote, hesabu ya gramu ikiwemo, naye ameniomba nimsomee maandishi ya kopo jipya kabla sijalifungua.