Naombeni ushauri: tunajuaje shida za afya za mtaa bila kuchosha watu?

Wakuu habari zenu, mi niko Dar huku bonde la Msimbazi, juzi kwenye kikao cha mtaa tukachaguliwa watu watano tupite nyumba kwa nyumba tujue shida kubwa za afya ni zipi. Tukapewa dodoso la maswali 42, yani bibi mmoja kafika swali la tisa kaniuliza "mjukuu wangu, mnaleta neti au mnaandika tu?" nikaishiwa pozi.

Kingine, ukipita mchana wanaume wako kwenye mishe, na wapangaji wanaogopa kusema choo kimejaa maana mwenye nyumba kakaa hapo hapo kibarazani anasikiliza. Kila mtu anajibu malaria, ila mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo uchafu uende na maji, na kisima kipo hatua kama kumi tu, halafu tunashangaa kipindupindu.

Ile njia ya Fursa na Vikwazo naijua, wananchi wanapanga vipaumbele wenyewe, ila mkutano wa hadhara wanaongea wale wale. Nawaza tukae na vikundi vidogo, bodaboda peke yao, mama ntilie peke yao, na tuchore ramani ya vyoo, visima na mitaro.

Waliowahi kufanya mlianzia wapi? Wapangaji mliwahoji wapi wakawa huru? Na zahanati wanakubali kutupa idadi ya wagonjwa tu bila majina, au mpaka barua ya mganga mkuu?