Kulipua mwamba wa lava kwenye kiwanja cha kujengea: je, inafaa?

Baba Neema, Goma

Ndugu wajenzi, nawasalimu. Nimepata kiwanja kijijini upande wa Kibati, kaskazini mwa Goma, ambapo nataka kujengea familia yangu nyumba ya vyumba vitatu. Taabu ni kwamba karibu nusu ya kiwanja imekaliwa na mwamba wa lava, yaani uji wa volkano uliopoa ukawa jiwe, ambao mgongo wake unanifika kifuani. Jirani ananishauri nitafute mtu wa baruti ausawazishe wote kwa siku moja, badala ya kuwalipa vijana wa nyundo kwa majuma mengi. Nyumba iliyo karibu iko umbali wa mita 30 hivi. Je, njia hiyo inafaa? Na shimo la choo nitalichimbaje?

Fundi wa Munigi

Baba Neema, nimekuwa nikipasua mawe tangu lava ya Januari 2002 ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, na nakusihi uiache baruti. Asiye na kibali cha serikali haruhusiwi kuinunua, kuitunza wala kuilipua. Tena huku kwetu, ambako watoto wameshasikia milio ya silaha kupita kiasi, mlipuko mmoja unaweza kukimbiza kijiji kizima.

Hata ungekuwa na kibali, lava yetu si jiwe moja lililoshikamana. Ilipokuwa ikipoa ilipasuka, sehemu ya juu ikabaki na matundu ya hewa, na mahali pengine kuna uwazi mkubwa chini ya ganda. Baruti hufanya kazi pale nguvu yake inapobanwa. Hapa nguvu hiyo hutorokea kwenye nyufa, jiwe lisivunjike ulivyokusudia, na vipande vikaruka upande usioutarajia. Mita 30 ni karibu mno, na mtikisiko wenyewe unaweza kuufungua ukuta wa jirani.

Lakini kwa nini uuondoe mwamba wote? Mwamba mzima ni msingi ambao wenzetu wanaojenga kwenye udongo wanautamani. Pita na nyundo nzito ukigonga hatua kwa hatua. Panapotoa mlio mkali, jiwe limeshikamana. Panapolia kama mtungi mtupu, vunja ganda, ujaze mawe na saruji kabla ya kuinua ukuta juu yake. Nyumba yenyewe iweke kwa ngazi: chumba kimoja kikae juu kidogo, vingine vishuke, na upande wa chini ujenge ukuta wa mawe na kujaza kokoto. Panapolazimu kukata, vijana wafuate nyufa kwa baramini na tindo, nao wavae miwani, kwani vipande vya jiwe hili vinapofusha. Mawe yatakayotoka yatakutosha kwa msingi, na hutalipia gari la kuyaleta.

Mama Riziki, Keshero

Naongeza kuhusu shimo, Baba Neema, kwa kuwa jambo hili linaua. Huku magharibi, kuelekea Sake, tunaishi na mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Popote utakapochimba katika nchi ya volkano, usimwache kijana ashuke shimoni peke yake. Wengine huteremsha taa kwanza: ikizimika, hakuna wa kushuka, ikiendelea kuwaka, bado si hakikisho la usalama. Afungwe kamba tangu mwanzo ili akianguka avutwe, kwa sababu anayeruka kumwokoa mwenzake huanguka naye.

Kwa maoni yangu, usichimbe sana. Jenga choo cha kuinuliwa: nusu ya shimo iwe juu ya mwamba, izungushiwe ukuta wa mawe uliopigwa lipu ndani, upande kwa ngazi chache. Nyufa za lava hupitisha maji machafu upesi, kwa hiyo lipu hiyo usiifanyie ubahili.

Baba Neema, Goma

Nawashukuru kwa dhati. Habari ya baruti nimeiacha. Ndugu yangu wa Lubumbashi ananieleza juu ya unga unaochanganywa na maji, ukamiminwa kwenye matundu na kupasua jiwe bila kishindo. Na je, kuchoma mwamba kwa moto?

Fundi wa Munigi

Unga huo upo, nao ni wa jamii ya chokaa. Hutobolewa matundu ya karibu milimita 40 kwa mashine, na kwa kawaida jiwe hupasuka ndani ya saa 24, pengine zaidi. Unafaa kwenye jiwe zito lisilo na nyufa, lakini kwenye lava yenye matundu utavuja na fedha zako zitapotea. Ukiutumia, mtu yeyote asichungulie tundu lililojazwa, kwa kuwa unga unaweza kufyatuka na kumchoma macho. Moto siupendi: jiwe lenye unyevu hurusha vipande, moshi wa tairi ambazo wengine huwashia ni sumu, na makaa mengi ya Goma yanatoka Virunga, msitu ambao umekatwa vya kutosha.

Gonga kwanza, uweke alama ya chokaa kila palipo na uwazi, kisha utuletee vipimo hapa tukusaidie kupanga ngazi za nyumba.