Mateka wa Kijerumani aliyejificha Marekani miaka 40: karatasi alizipata wapi?

Karani Mstaafu

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Kuna kisa kinanikera kichwani, nakileta kwenu. Ni cha yule Mjerumani Georg Gärtner, askari wa Vita Kuu ya Pili katika kikosi cha jenerali Rommel, aliyetekwa Tunisia mwaka 1943 na kusafirishwa hadi Marekani. Septemba 1945 akatoroka kambi ya Deming, New Mexico. Hakuonekana tena mpaka mwaka 1985, alipojitokeza mwenyewe akiwa mzee wa miaka 64 anayeitwa Dennis Whiles, mume wa watu, fundi wa kufundisha tenisi.

Kutoroka kwenyewe naelewa. Mtu anatambaa chini ya geti usiku, anadandia treni ya mizigo, asubuhi yuko mbali. Vijana wana mbio. Kinachonishinda ni miaka 40 iliyofuata.

Mimi nimestaafu kazi ya masjala. Waongo nimewaona wa kila aina, na nawaambieni uongo wa mdomo unaweza kudumu, ila wa karatasi haudumu, maana karatasi moja humwita mwenzake. Ukiandikishwa kazi unaulizwa kadi, kadi inauliza cheti, cheti kinauliza wazazi. Mtu anakuja dirishani kajiandaa, jina kalikariri, kijiji kakikariri, lakini mwulize mdogo wake alizaliwa mwaka gani uone anavyotazama dari. Halafu huyu picha yake ilibandikwa kwenye maofisi ya posta, na alama za vidole vyake jeshi lilikuwa nazo.

Basi naomba mwenye kujua anijuze mambo mawili. Jina jipya alilipatia karatasi gani? Na alipojitokeza, kwa nini hawakumtia ndani?

Njiwa Manga

Marahaba… samahani, shikamoo mzee! Uzi wako umenikuta nimeshalala, nimeamka.

Unampima kwa dirisha lako, mzee, na hilo dirisha hakulikuta. Karatasi iliyombeba ni kadi ya hifadhi ya jamii, ile yenye namba ambayo Mmarekani hawezi kuajiriwa bila hiyo. Ilianza kutolewa mwaka 1936 kwa ajili ya kuhesabu makato ya pensheni tu. Unajaza fomu, unaandika jina lako, tarehe na mahali ulipozaliwa, majina ya baba na mama, unaweka sahihi. Kwisha. Karani alikuwa anaamini ulichoandika. Sharti la kila mwombaji kuleta ushahidi wa umri na utambulisho wake lilikuja mwaka 1978. Kwa hiyo mnyororo wako wa karatasi kuitana ulikuwa umekatika kwenye pingili ya kwanza kabisa.

Ongeza na wakati wenyewe. Septemba 1945 vita imekwisha wiki chache tu. Askari kwa mamilioni wanavuliwa magwanda, viwanda vya silaha vinafunga, watu wamejaa vituo vya treni wakienda majimbo wasiyoyajua kutafuta kazi. Kijana wa miaka 24 anayeshuka San Pedro, California, bila mzigo, nani atamshangaa? Na lafudhi je? Nchi imejaa watu waliotoka Ulaya.

Kazi alizofanya nazo zitazame: kuosha vyombo, kuchuma matunda, kukata magogo. Hizo ni kazi ambazo msimamizi anaangalia mikono yako. Baadaye akapata ya kufundisha watu kuteleza kwenye theluji wakati wa baridi, na ya tenisi. Ukiwauliza wazazi wake, walikufa ajalini, yeye kalelewa kituo cha yatima. Uongo mzuri sana huo, mzee, kwa sababu unafunga mlango wa yule mdogo wake unayetaka kumwuliza.

Sasa kisa kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Januari 1952 treni ya abiria iitwayo City of San Francisco ilikwama kwenye theluji milima ya Sierra Nevada ikiwa na watu zaidi ya 220. Siku 3 hawatoki, joto limekatika, moshi unawaumiza. Waliokwenda kuwaokoa kwa mbao za kutelezea, mmojawapo ni nani? Dennis Whiles. Na jarida la Life likapiga picha! Mtu anayetafutwa nchi nzima yuko kwenye jarida linalosomwa na mamilioni ya watu, na hakuna aliyenyanyua simu.

Mpiga Zumari

Njiwa, umeeleza vizuri ila unaifanya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ionekane ilikuwa imelala. Haikulala. Marekani ilikuwa na mateka wa Kijerumani zaidi ya 370,000, wametawanywa kambi zaidi ya 500. Waliotoroka, ukijumlisha na wa mataifa mengine, hawakufika elfu tatu, na wengi wao walirudishwa ndani ya siku chache. Wengine walirudi wenyewe kwa njaa. Kumbuka mateka hakulipwa dola, alilipwa kuponi za dukani kambini, senti 80 kwa siku ya kazi, makusudi asiwe na fedha ya kutorokea.

Msikilize na huyu mwingine, Reinhold Pabel. Naye alitoroka Septemba 1945, kambi ya Illinois. Huyu alikaa chini akasoma makala ya J. Edgar Hoover mwenyewe, mkuu wa FBI, akieleza jinsi watoro wanavyonaswa. Hoover alikuwa anajisifu, Pabel akaisoma kama mtaala: kumbe hukamatwa kwa kukosa fedha, kumbe kwa hiki, kumbe kwa kile. Akaenda Chicago, akajiita Phil Brick, akafungua duka la vitabu, akaoa, akapata mtoto. Machi 1953 FBI wakamfuata hapo hapo dukani. Kwa hiyo kadi alikuwa nayo na bado haikumwokoa.

Yuko na Kurt Rossmeisl, aliyeishi Chicago hiyo hiyo kwa jina la Frank Ellis mpaka mwaka 1959, akachoka, akaenda mwenyewe kujisalimisha.

Mimi naona Gärtner alipona kwa sababu hakutulia. California, milimani, msimu huu huku, msimu ule kule. Pabel alikuwa na duka lenye mlango na anwani.

Karani Mstaafu

Ahsanteni sana, wanangu. Hiyo ya kadi imeniingia, na hiyo ya Hoover nimeisoma mara mbili nikicheka peke yangu.

Ila bado mnanikwepa. Alioa mwaka 1964, tena mama mwenye watoto wawili. Ndoa si kuosha vyombo. Mke anataka kuwajua wakwe. Mke anataka picha ya utotoni. Watu wanataka kusafiri nje ya nchi, unatakiwa hati ya kusafiria, na hati ya kusafiria haitoki bila cheti cha kuzaliwa, hata Marekani ya enzi hizo. Huyu alimwambia nini mkewe miaka 20?

Mama Sitti

Nilikuwa napita kimya, lakini mzee kauliza swali lenyewe.

Alimwambia uongo, ndiyo jibu. Kila siku. Jean aliolewa na mtu asiyekuwepo. Akiuliza ya utotoni, jibu fupi na uso kufungwa. Mipango ya safari za nje inavunjika bila sababu inayoeleweka. Wanaume mnasifu theluji na treni, mnahesabu kambi, na mimi namfikiria mwanamke anayejiona ana mume asiyempenda vya kutosha kumwambia alikozaliwa. Mtu ukinyimwa habari, unaijaza mwenyewe, na utaijaza kwa ubaya: pengine ana mke mwingine, pengine aliua mtu.

Aliyemkamata Gärtner si FBI. Ni Jean. Alifika mahali akasema sema au naondoka, na ndipo mtu akasema. Baada ya hapo wakamtafuta Arnold Krammer, profesa wa chuo kikuu cha Texas A&M aliyekuwa ameandika kitabu kizima kuhusu mateka wa Kijerumani Marekani, na mwaka 1985 akajisalimisha kwenye televisheni, kipindi cha Today, mbele ya mtangazaji Bryant Gumbel. Kajisalimisha kwa mtangazaji! Polisi walikuwa wapi sijui.

Kwa hiyo Mpiga Zumari, kutotulia hakukumwokoa. Alitulia miaka 20 na mke na watoto, na aliyekuwa karibu naye ndiye hakuweza kudanganywa mpaka mwisho.

Mpiga Zumari

Mama Sitti nakubali la Jean, lakini mtendee haki na yule kijana. Jiulize alikuwa anamkimbia nani. Karibu watoro wote wa historia hutoroka ili warudi kwao. Franz von Werra, rubani wa Kijerumani aliyekuwa mateka, aliruka kutoka kwenye treni Kanada mwaka 1941, akavuka mto St. Lawrence ulioganda, akazunguka kupitia Mexico, Brazil na Hispania mpaka akafika Ujerumani. Huyu Gärtner alikuwa kinyume chake: alitoroka ili ASIRUDISHWE. Kwao ni Schweidnitz, Silesia. Mwaka 1945 jeshi la Urusi limeshaingia huko, mkutano wa Potsdam umeiweka Silesia chini ya Poland, Wajerumani wanafukuzwa. Mji wake leo unaitwa Świdnica na uko Poland. Mateka wanapanga foleni kurudishwa nyumbani, yeye nyumbani kumehamishwa. Ungefanyaje?

Mama Sitti

Ningemwambia mke wangu. Pengine si mwaka 1945. Mwaka 1964 vita imeisha miaka 19.

Njiwa Manga

Hapo pa 1964 ndipo pananiumiza hata mimi, na panajibu swali la pili la mzee.

Alikuwa anaogopa adhabu gani hasa? Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 kuhusu mateka, ambao Marekani na Ujerumani zote zilikuwa zimeuridhia, unasema mateka aliyetoroka akikamatwa apewe adhabu ya kinidhamu tu, na adhabu hiyo isizidi siku 30. Kutoroka hakuhesabiwi kuwa jinai, maana askari yeyote anatarajiwa kujaribu. Siku 30 za mahabusu ya kambi. Yeye akajifungia mwenyewe miaka 40.

Alipojitokeza, wanasheria wa serikali walikuna vichwa. Ujasusi? Hakufanya. Uhamiaji haramu? Hapo ndipo patamu: hakuingia Marekani kinyemela, aliletwa na jeshi la Marekani, kwa meli ya Marekani, akiwa chini ya ulinzi. Utamshitakije mtu kwa kuingia nchini ikiwa ni wewe uliyemleta kwa nguvu? Wakamwacha. Akabaki na mkewe, na Novemba 2009 akaapishwa kuwa raia, ana miaka 88. Alifariki mwaka 2013 huko Loveland, Colorado.

Hata Pabel aliyekamatwa hakufungwa miaka. Alitakiwa kuondoka nchini, akaondoka, akarudi kwa viza kama watu wengine.

Karani Mstaafu

Sasa nimeelewa, na nawashukuru wote, Mama Sitti hasa.

Njiwa, kanuni ya siku 30 nadhani aliijua. Mateka walikuwa na haki ya kuwekewa mkataba ule ukutani kambini, kwa lugha yao. Hilo nalo limo kwenye mkataba wenyewe. Lakini nimekaa na waongo wa karatasi muda mrefu, nikwambie kitu: baada ya muda hawaogopi tena lile kosa la kwanza. Wanaogopa fomu za katikati. Kila alipojaza Dennis Whiles kwenye kodi, kwenye leseni, kwenye cheti cha ndoa, aliongeza kosa jipya lisilohusu vita wala Geneva. Mwaka 1946 angeungama jambo moja. Mwaka 1964 tayari alikuwa na rundo, na rundo lile hakuna mkataba unaolisamehe kwa siku 30. Ndiyo maana mimi simshangai kwa kunyamaza, ingawa na Mama Sitti simpingi.

Ila mwaka 2009 umenifurahisha. Fomu ya kuomba uraia wa Marekani ina sehemu inayotaka uandike majina mengine yote uliyowahi kutumia maishani. Wengi huandika jina la ukoo kabla ya kuolewa, au wanaacha wazi. Ningetoa pensheni ya mwezi mzima kuwa karani aliyeipokea ile ya kwake.