Naomba ushauri: kipimo cha LH kinanichanganya

Habari zenu wapendwa. Niko Igoma, Mwanza, natafuta mtoto, na mzunguko wangu haueleweki. Natumia vile vipimo vya mkojo vya LH, homoni inayochochea yai kutoka. Najua homoni hiyo hupanda ghafla, kisha yai hutoka baada ya saa 24 hadi 36 hivi. Changu mstari wa pili unakolea leo, kesho unafifia, keshokutwa unakolea tena! Nimesikia wenye PCOS (tatizo la homoni linalovuruga kutoka kwa yai), LH yao huweza kukaa juu bila yai kutoka, na hilo linaninyima usingizi.

Nataka kupima homoni ya projesteroni, maana hiyo hupanda yai likishatoka. Kupima ile siku ya 21 ya mzunguko kunawafaa wenye mzunguko wa siku 28. Mimi nikatoe damu lini? Waliopitia hili, mlifanyaje? Mume wangu naye yuko tayari kupima.