LED ya kuwakawaka kwenye dashibodi ya Probox: niunge waya wapi?

mkaa_barani
Asalam aleikum wajuzi. Gari hulala nje hapa Malindi, nataka kuweka ile LED nyekundu ya kuwakawaka, mtu akichungulia kioo usiku adhani kuna alamu. Iwake yenyewe nikichomoa ufunguo, izime nikiwasha gari. Sitaki swichi ya kukumbuka kubonyeza. Ninayo LED ya 5 mm inayojiwakisha, rezista za 1K (omu elfu moja) na mita. Umeme nichukue wapi, na betri itahimili gari likisimama wiki mbili?

fundi_nyaya
Waaleikum salaam. Siri ni kutoipeleka hasi ya LED kwenye bodi. Mguu mrefu (chanya) uunge kwenye fyuzi yenye umeme saa zote, kwa mfano ile iliyoandikwa DOME. Mguu mfupi upeleke kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwa ON tu. Ukichomoa ufunguo, waya huo wa pili hauna umeme, lakini bado umeshikana na bodi kupitia vifaa vinavyotumia laini hiyo, basi LED inawaka. Ukiwasha, pande zote mbili zina volti 12, hakuna tofauti, inazima.

Rezista iweke palepale kwenye fyuzi, si huko kwenye LED. Waya ukichubuka baada ya rezista na kugusa bodi, hazipiti zaidi ya miliampea 12 au 13, hakuna kitakachoungua. Waya wa 0.5 mm² unatosha.

Betri usihofu. Volti 12.6 toa 2 za LED, gawa kwa 1K, ni kama miliampea 10, na nusu ya muda imezima. Kwa siku ni Ah (ampea-saa) 0.12, wiki mbili hazifiki Ah 2. Betri ya 45 haitajua.

waya_mwekundu
Hesabu ni sawa, ila hapo pana mtego. LED inayojiwakisha ina chipu ndani. Ikiwa kwenye sehemu ya kuzima haivuti umeme wa maana, kwa hiyo rezista haipunguzi kitu na chipu inabeba karibu volti zote 12. Nyingi za bei rahisi hazikutengenezwa kwa hizo. Huwaka siku kadhaa, halafu hubaki imewaka moja kwa moja au hufa kabisa, na watu husingizia joto la dashibodi. Uliza iliyoandikwa volti 12 hasa, na kama hiyo imeshawekewa rezista ndani, yako ya 1K itaifanya iwe hafifu.

Ongeza dayodi moja ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) kwenye njia ya chanya, mstari wake ukielekea kwenye LED. LED haipendi umeme wa kinyume, na koili za rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) zikizimwa hutupa mkupuo.

mkaa_barani
Shukran sana. LED ni ya volti 12. Nimejaribu kwanza kwa kushikiza tu, hasi nikaiweka kwenye waya wa ACC wa redio. Inawaka, lakini hafifu mno. Nimepima waya huo na bodi ufunguo ukiwa nje, mita inasoma 2.3K.

fundi_nyaya
Mita imeshakujibu. Huo si njia ya kwenda bodi, ni rezista ya pili. Tena kila LED ikiwaka, waya huo unapandishwa volti kadhaa, na redio inaweza kudhani umewasha ufunguo. Uhame. Tafuta waya wa IG (unaopata umeme ufunguo ukiwa ON) wenye mzigo mzito, usomeke chini ya omu 100. Na kitu kimoja si cha mjadala: nyaya zenye ganda la njano chini ya usukani ni za eabegi. Usizitoboe, usizipime.

Ukikosa waya mzuri, tumia rilei ya miguu mitano. 86 kwenye IG, 85 bodi, 30 kwenye umeme wa saa zote kupitia fyuzi, 87a kwenda LED, na hasi ya LED sasa inakwenda bodi kama kawaida. 87 iache, izibe kwa tepu. Koili inavuta umeme ufunguo ukiwa ON tu, kwa hiyo gari likilala haili betri. Mimi ningeanza na hii moja kwa moja.

chumvi_na_waya
Langu ni mwendo wa taa. Zinazojiwakisha hupiga mara mbili kwa sekunde, zinafanana na mwanasesere. Alamu nyingi za kiwandani hupiga mpigo mfupi, kisha kimya. Anayeiba magari anajua tofauti. Ukiweza kushika solda, tumia chipu ya kupima muda, 7555 (si 555 ya kawaida, ile inakula umeme kuliko LED yenyewe), kapasita ya 10 µF, rezista ya 270K kutoka chanya hadi mguu wa 7, na 15K kutoka 7 hadi 6 na 2. LED ya kawaida na 1K yake ziweke kati ya chanya na mguu wa 3. Utapata mpigo wa sehemu ya kumi ya sekunde kila sekunde mbili.

Usitoboe dashibodi. Toboa kile kifuniko tupu cha nafasi ya swichi, kinang'oka kwa bisibisi na ukikosea unanunua kingine. Gundi na tepu ya pande mbili hulainika hapa kaskazi ikipamba moto. Tumia kishikio cha LED chenye nati. Viungo vyote solda kisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Ukisokota waya na kuzungusha tepu, kwa hewa hii ya chumvi shaba itakuwa kijani hata kusi haijaisha, na taa itaanza kukatakata.

Na ibaki ndani. Ukiipeleka kwenye grili ya mbele, askari wa kwanza barabarani atakusimamisha.

mkaa_barani
Rilei basi, na kifuniko cha swichi. Fyuzi ya ampea 1 inatosha?

fundi_nyaya
Inatosha. Ukikosa ya 1, weka ya 2, lakini isizidi ile ya DOME unayochukulia umeme.